Safu ya Nne

Jedwali nililopewa lilikuwa na safu sita: namba ya santuri, msanii au bendi, wimbo, inakotoka, mwaka, hali. Maktaba ya kituo cha redio ilikuwa na santuri elfu kadhaa, pamoja na kanda ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka mingi, na uongozi ulitaka zote ziingizwe kwenye kompyuta kabla kuvu haijazimaliza. Niliambiwa miezi mitatu itatosha. Nilikaa nazo karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ililiwa na safu ya nne.

Safu nyingine hazina ubishi. Namba imechapwa. Jina limechapwa. Mwaka, ukibahatika, uko pembeni mwa lebo kwa herufi ndogo. Hali ya santuri unaijua ukiiinamisha kwenye mwanga na kuhesabu mikwaruzo. Ile ya nne niliiona rahisi kuliko zote, nikaijaza kwa kusoma anwani ya kampuni iliyo kwenye lebo. Ikisema Nairobi, naandika Kenya. Ikisema Paris, naandika Ufaransa. Kwa siku nne nilikuwa nimejaza mistari mia tatu na ushei.

Aliyenisimamisha ni mzee mmoja, mpiga besi wa zamani, aliyekuwa akija kituoni mara mbili kwa wiki kutusaidia kutambua kanda zisizo na maandishi. Alisimama nyuma yangu akisoma skrini kimya kimya. Kisha akanyoosha kidole kwenye mstari wa Siti binti Saad. Mbele ya jina lake nilikuwa nimeandika India.

"Mwanangu," akasema, "Siti ni Mhindi?"

Nilikuwa nimeifuata lebo, na lebo haikusema uongo. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mitambo. Lakini sauti iliyokuwa kwenye ile santuri ilitoka Fumba, Unguja, kwa binti aliyekuwa akizunguka kuuza vyungu vya mama yake, na ndiye aliyeitoa taarabu kwenye Kiarabu cha jumba la Sultani akaiimba kwa Kiswahili, watu wa kawaida wakaisikia ikiwazungumzia wao. Mimi yote hayo nilikuwa nimeyafuta kwa neno moja la herufi tano.

"Lebo inakuonyesha mashine ilikuwa wapi," mzee akasema. Akaenda zake kwenye kanda.

Nilifuta mistari yote mia tatu siku ile ile.

Nikajipangia kanuni mpya: bendi inatoka nchi walikozaliwa wanamuziki wake. Niliiona kanuni ya haki. Nikaanza upya, na safari hii nilikuwa naandika pia maelezo mafupi ya kusomwa hewani kabla ya wimbo, kwa ajili ya kipindi cha muziki wa zamani. Kanuni hiyo ilidumu mpaka nilipofika kwa akina Wanyika.

Kwanza, kabla sijaanza kuitumia sawasawa, kuna maelezo ya zamani yalikwisha kwenda hewani yakisema Les Wanyika ni bendi ya Kenya. Msikilizaji mmoja, kwa sauti ni mtu mzima sana, alipiga simu. Hakuwa na hasira. Alitaka tu tujue kwamba wale ni watoto wa Tanga. Akaeleza kila kitu kama mtu anayetaja ukoo wake: Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walianzia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakahamia Arusha na kuunda Arusha Jazz, kisha mwaka 1971 wakavuka mpaka hadi Nairobi, ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, walijitoa wakaanzisha Les Wanyika, na John Ngereza, Mtanzania mwingine, akawa sauti yao. Nilimshukuru, nikarekebisha. Wiki iliyofuata tukasoma hewani: bendi ya Tanzania.

Simu ya pili ilikuja siku hiyo hiyo, ya mama mmoja aliyesema ujana wake wote aliupitisha Nairobi. Yeye alikuwa na uchungu. Alisema, hao mnaowaita wa Tanzania, Tanzania waliiacha na magitaa ya kuazima. Nyimbo zao zote anazozijua zilirekodiwa Nairobi, zilichapwa Nairobi, na yeye alizicheza Nairobi katika kumbi walizokuwa wakipiga kila wiki. Besi ile nzito inayotembea, ridhimu ile kavu isiyochoka, vilipikwa pale. Kwa nini leo tunawanyang'anya?

Nilimpelekea mzee habari hizo nikitegemea atanipa mshindi. Badala yake aliniuliza: hivi unajua kwa nini walihama? Sikujua. Ndipo akanifundisha jambo ambalo majalada hayalisemi. Tanzania ya miaka ile bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili: Juwata, Ottu, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park iliangukia mikononi mwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo ile DDC unayoiona mbele ya jina. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara ni wa mwajiri, na nyimbo zinarekodiwa Radio Tanzania kwa ajili ya kurushwa hewani. Nairobi kulikuwa na studio za kampuni, kulikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kulikuwa na wafanyabiashara wa kuzisambaza hadi mbali. Mpiga gitaa aliyetaka santuri yake iuzwe dukani alijua barabara inaelekea wapi. Hata nyimbo za bendi za Tanzania zilizotoka kwenye santuri zilichapwa huko huko Nairobi.

Kwa hiyo Tanga iliwapa masikio na lugha, Nairobi ikawapa mashine na soko, na mashine na soko navyo vilibadilisha muziki: wimbo uligawanywa upande wa kwanza na wa pili wa santuri ndogo, taratibu ya mashairi upande huu, gitaa la kuchezea upande ule. Ukizisikia nyimbo zile leo, unasikia miji miwili au mitatu kwa wakati mmoja. Na lile neno Les ni la Kifaransa, limebandikwa juu ya neno la Kiswahili, kwa sababu bendi za Kongo ndizo zilizokuwa kipimo cha ubora. Hakuna Mfaransa hata mmoja mle ndani.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika nchi. Nilianza kuandika miji, kwa mpangilio wa safari: Tanga, Arusha, Nairobi. Programu yetu iliruhusu herufi 40 tu katika kisanduku kile, nafasi na mkato zikihesabiwa. Bendi nyingi zilitosha. Baadhi hazikutosha, na hizo ndizo zilizonifundisha zaidi.

Mzee alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alinikataza kuangalia jalada kabla ya kusikiliza. Anaweka santuri, anageuza uso, ananitaka niseme nimesikia nini: gitaa linaanza peke yake au na ngoma? Besi inamfuata mwimbaji au inabishana na solo? Wimbo unapokolea, mwimbaji anaendelea au anawaachia wapiga gitaa? Mwanzoni nilikuwa nakisia. Baada ya miezi kadhaa nilianza kulitambua gitaa la benga kwa sekunde chache, lile la sauti kali linaloruka na kukatika, linaloiga nyuzi nane za nyatiti ya Wajaluo, na besi iliyo mbele kabisa kama inataka kumpita mwimbaji. Nikalitofautisha na gitaa la Kongo, linalozunguka taratibu kwenye kiitikio kisha linafunguka kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea.

Siku nilipolitambua benga bila kusaidiwa, santuri ilikuwa ya Shirati Jazz. Niliandika kwa kujiamini: Nyanza, Kenya. Mzee akaniambia nisome jina la bendi polepole. Shirati iko Tanzania, mkoani Mara, karibu na mpaka, na D. O. Misiani, ambaye wengi walimwita mfalme wa benga, alizaliwa huko mwaka 1940. Alifanyia muziki wake Kenya, akafariki Kisumu mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani. Waluo wako pande zote mbili za mpaka ule, na gitaa halikuwahi kuonyesha pasi ya kusafiria. Aliyeuchora mpaka hakuuliza nyatiti inalia mpaka wapi.

Na benga yenyewe haikuishia hapo. Santuri zake zilipofika Zimbabwe, watu waliuita muziki huo kanindo, kwa jina la Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji na msambazaji wa Kenya aliyezifikisha huko. Nililifikiria sana jambo hili. Msikilizaji wa Harare analiita gitaa la Nyanza kwa jina la mfanyabiashara, kwa sababu yeye muziki ule ulimfikia ukitokea kwenye kasha lenye jina hilo. Kwake, huko ndiko ulikotoka.

Majina ya bendi yalinipotosha mara nyingi kuliko anwani. Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz: ukifuata neno jazi utakwenda New Orleans na hutakuta kitu. Neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye gitaa na tarumbeta. Cuban Marimba ya Salum Abdallah haikuwa ya Kuba wala haikutegemea marimba. Ilikuwa ya Morogoro, na jina lake lilikuwa salamu ya heshima kwa santuri za Kuba zilizokuwa zikipigwa kila mahali. Super Mazembe walitoka Kongo, wakapitia Zambia, wakatua Nairobi mwaka 1974. Mazembe ni yale matingatinga ya kuchimbua ardhi. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, akafanya kazi Kampala katika kundi lililoitwa Les Kinois, yaani watu wa Kinshasa, akaingia Nairobi mwaka 1977 na kuunda Orchestra Virunga mwaka 1981, kwa jina la milima ya volkano iliyo mashariki ya Kongo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, na wengi waliomlilia alipofariki mwaka 2010 walimlilia kama Mtanzania. Nadhani walikuwa sahihi. Mtu aliyeimba habari za mnyonge wa Sinza kwa Kiswahili kile hahitaji cheti kingine.

Kuna bendi moja iliyonionyesha kwamba hata ndani ya nchi moja safu yangu ilikuwa inaficha mambo. Maroon Commandos ni bendi ya jeshi la Kenya. Ukiiandika hivyo umesema kweli, na jeshi ndilo lililowapa vyombo na mshahara. Lakini wimbo wao uliovuma sana mwaka 1977 uliimbwa Kitaita, kwa kuwa kiongozi wao, Habel Kifoto, alikuwa Mtaita. Wanajeshi wa kila kabila wakaucheza, na nchi nzima ikaimba lugha ya vilima ambavyo wengi hawakuwahi kuviona. Niliandika: Taita, jeshini. Uongozi uliniuliza jeshini ni mji gani. Niliwaomba waniache nalo.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa na upande. Nimependa muziki wa roki tangu utotoni, na Queen ndiyo bendi iliyonifanya nitake kujua muziki unatengenezwaje. Nilipofikia santuri zao niliandika Zanzibar kwa furaha, herufi kubwa. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Hilo liko wazi. Kijana mwenzangu wa idara ya habari aliliona akacheka, akaniambia yule si wetu, aliondoka na hakurudi. Tulibishana siku mbili. Yeye alimtoa kabisa, mimi nilimdai mzima.

Mzee alitusikiliza, kisha akatuuliza wazazi wake walikuwa watu gani. Walikuwa Waparsi, wenye asili ya Gujarat. Akauliza alisoma wapi. Alisoma shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano na kupata bendi yake ya kwanza ya shuleni. Familia iliondoka Zanzibar mwaka 1964, wakati wa Mapinduzi, naye akiwa na miaka 17. Queen iliundwa London mwaka 1970, na wenzake watatu walikuwa Waingereza. Mzee hakusema lolote zaidi. Nilikwenda mezani nikaandika: Zanzibar, Panchgani, London. Iliniuma kidogo kuona Zanzibar imepungua ukubwa, na nilijua maumivu hayo ndiyo yaliyokuwa yamemfanya yule mama wa Nairobi apige simu.

Tangu hapo niliacha kumlaumu msikilizaji anayeidai bendi. Watu hudai wanachokipenda. Nilichojaribu kufanya ni kuwapa wote nafasi ndani ya herufi 40.

Baada ya Queen, roki yote ilifunguka kwa namna ile ile. Jimi Hendrix ni wa Seattle, lakini bendi iliyomtangaza iliundwa London mwaka 1966 na wapigaji wawili Waingereza. AC/DC ni ya Sydney, mwaka 1973, na ndugu wawili walioianzisha, Malcolm na Angus Young, walizaliwa Glasgow. Rolling Stones, vijana wa London wa mwaka 1962, walichukua jina lao kwenye wimbo wa Muddy Waters, ambaye alilima katika mashamba ya Mississippi mpaka mwaka 1943 alipopanda treni kwenda Chicago. Kilichoniingia moyoni katika habari ya Muddy ni gitaa. Kule shambani la mbao lilitosha. Chicago, katika baa zilizojaa watu wanaopiga kelele baada ya zamu za kiwandani, halikusikika, akahamia gitaa la umeme. Mji uliingia ndani ya sauti yake kwa kelele zake. Nikakumbuka Nairobi na ile santuri ya pande mbili.

Boney M. walinipa kazi ya mchana mzima. Waliundwa Ujerumani Magharibi na mtayarishaji Frank Farian. Liz Mitchell na Marcia Barrett walizaliwa Jamaika wakakulia Uingereza. Maizie Williams alitoka Montserrat. Bobby Farrell, yule aliyekuwa akicheza mbele, alitoka Aruba, na ile sauti nzito ya kiume unayoisikia kwenye santuri ni ya Farian mwenyewe, studioni. Kisha wakarekodi Malaika kwa Kiswahili. Nilihesabu herufi mara tatu.

Lakini hakuna kitu kilichonikalisha kama rumba. Rafu tatu nzima zilikuwa za Kongo, na mzee alizipenda kuliko zote. Alikuwa akizifuta vumbi kwa kiganja. Nilidhani hapa hakuna mjadala. Rumba ni Kinshasa na Brazzaville, ni African Jazz ya Grand Kallé, ni OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956 na ambayo Franco aliiongoza kwa miaka mingi. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa maombi ya nchi zote mbili. Imekwisha.

Mzee akaweka santuri ya Kuba, ya mtindo wao uitwao son, ya miaka ya 1930, kisha juu yake santuri ya Kinshasa ya miaka ya 1950. Nilisikia kitu kile kile kimebadilisha nguo. Kazi ya piano ya Kuba ilikuwa imehamia kwenye gitaa. Akanieleza kuhusu santuri za GV, mfululizo wa nyimbo za Amerika ya Kusini na Karibi ambao kampuni ya Uingereza ilianza kuuuza Afrika mwaka 1933. Mabaharia na wafanyabiashara walizifikisha mito yote. Vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walizisikiliza mpaka wakazikariri, na wengine waliimba kwa maneno yanayofanana na Kihispania ambayo hayakuwa na maana yoyote, kwa kuwa walichokipenda ni mlio.

"Basi rumba imetoka Kuba," nikasema.

Akanitazama kwa muda. Akaniuliza, na Kuba waliipata wapi? Watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Kongo walifika Kuba na ngoma zao, na zile ngoma zilikutana na magitaa ya Wahispania, zikalelewa huko kwa vizazi. Vijana wa Léopoldville walipoisikia son, walikuwa wanamsikia ndugu aliyepotea. Mzee alisema hivyo, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetoa somo. Alinyanyuka akaenda kusimama dirishani.

Mstari ule ulibaki wazi kwa wiki tatu. Mwishowe niliandika: Kongo, Kuba, Kongo. Ni herufi kumi na nane, nafasi na mkato zikihesabiwa. Sijawahi kuandika kitu kifupi kilichonichukua muda mrefu kiasi hicho.

Kutoka hapo sikushangaa tena kukuta kwamba mwaka 1996, katika studio ya Havana, wazee wa Buena Vista Social Club walikusanywa kwa sababu wapigaji wa Mali waliotakiwa kurekodi na Wakuba hawakufika, karatasi za safari zikiwa zimewakwamisha. Wamali na Wakuba wale waliketi pamoja studioni baadaye sana, na albamu yao ikatoka mwaka 2010. Sikushangaa pia kwamba Orchestra Baobab ya Dakar, iliyoundwa mwaka 1970 na kupenda Kuba kama walivyoipenda vijana wa Léopoldville, ilikuwa na mpiga solo kutoka Togo. Huyu, Barthélemy Attisso, ndiye ninayempenda kuliko wote katika rafu zile. Alikwenda Dakar kusomea sheria. Gitaa lilikuwa la kumsaidia kujikimu. Bendi iliposambaratika alirudi Lomé akafanya uwakili, akaliacha gitaa kwa miaka, na Baobab ilipofufuka mwaka 2001 alilazimika kujifunza upya. Sikiliza solo zake: hana haraka, kila nota inasubiri iitwe. Ningemwandika wa wapi? Dakar ilipata mpiga gitaa huyu kwa sababu ilikuwa na chuo kikuu kizuri.

Nilianza kuandika sababu pia, pembeni, kwenye daftari langu, kwa kuwa kompyuta haikuwa na mahali pa kuziweka. Huyu alikwenda kusoma. Huyu alifuata kiwanda cha santuri. Huyu alikimbia vita. Huyu alihamishwa na jeshi. Huyu kibali chake cha kazi kilikwisha katikati ya mkataba, akaiacha bendi bila sauti ya pili. Daftari lilijaa, nikanunua jingine.

Siku ya mwisho ya kazi ilibaki kanda moja. Haikuwa na kasha wala maandishi. Niliiweka, na kabla ya mwimbaji kuanza mzee alikwisha kuketi. Ilikuwa bendi yake, ya ujanani. Aliniambia majina ya wenzake wote watano, nani alipiga nini, nani yu hai. Tuliisikiliza mara mbili bila kuzungumza. Besi yake ilikuwa nzuri, tulivu, ikitangulia nusu hatua pale ambapo wengine wangechelewa.

Nikafungua mstari mpya. Namba, bendi, wimbo. Kwenye safu ya nne nikamwomba anitajie. Alitaja mji aliozaliwa. Alitaja mji alikojifunza besi kwa kumtazama mtu dirishani. Alitaja mji walikokutana, mji walikovunjikia moyo, na mji walikorekodi kanda hii usiku mmoja kwa vyombo vya kukodi. Niliandika yote, na kompyuta ikakataa. Nilimwambia zimezidi herufi sita.

Alisogeza kiti akaisoma ile miji mmoja mmoja, midomo ikitikisika. Ilichukua muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, juu ya mji wa kwanza kabisa, ule aliozaliwa.

"Toa huu," akasema. "Huko sikuwahi kupiga hata nota moja."